Mwanangu wa Makambako, msimpasue mzee kikaoni

"Shikamoo mwalimu. Baba ana saratani ya tezi dume, haijatoka nje ya tezi. Daktari ametupa mambo mawili, upasuaji au mionzi. Wewe ulipasuliwa na umepona. Je, tumpasue?"

Marahaba, mwanangu. Hiyo "tumpasue" yako imenikaa kooni tangu Jumapili. Baba yako yuko wapi katika sentensi hiyo? Nauliza kwa sababu hata mimi nilipasuliwa na kikao.

Ilikuwa 2019, nina miaka 63. Nilikuwa naamka mara tano usiku, na mnaijua baridi ya Uyole mwezi wa saba, kwenda choo cha nje ni adhabu. Mke wangu ndiye aliyenisukuma nikapime. Habari za kidole cha daktari huko nyuma nazipita, mnazijua na ndizo mnazozikimbia. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikasoma 11, wakachukua vinyama, jibu likaja: saratani, ngazi ya kati. Cha ajabu, daktari alisema kule kuamka usiku kulitokana na tezi kutanuka kwa uzee tu. Saratani yenyewe ilikuwa kimya, haina dalili hata moja.

Tukakaa kikao. Shemeji yangu akasema kitu kibovu kinang'olewa. Nikamwelewa haraka, maana mche wa kiazi ukipata mnyauko unang'olewa, hauombewi. Isitoshe mionzi ilikuwa na maana ya kwenda Dar, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa, na mimi nilikuwa na ekari tatu zinakaribia kuvunwa. Niseme ukweli ambao hata mke wangu atausoma hapa kwa mara ya kwanza: nilichagua kisu kwa ajili ya viazi. Daktari wa mionzi sikumtia machoni. Aliyenipasua naye alizungumza nami muda wa kumaliza kikombe cha chai, akanipa karatasi nisaini. Bado inaniuma.

Mrija wa mkojo niliowekewa ulipotolewa ndipo nikajua nimesaini nini. Nilivaa pedi miezi saba. Nikikohoa, mkojo unatoka. Nikiinua ndoo, unatoka. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, niliyewahi kumsimamisha mtoto wa darasa la kwanza mbele ya paredi kwa sababu amejikojolea! Kanisani nikahamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Mtoto yule nimemkumbuka sana. Nguvu za kiume hazijarudi kama zamani, nimeandika, yamekwisha.

Lakini PSA yangu mpaka leo inasoma chini ya 0.1, na gunia la viazi bado nabeba. Vijana wa Mwanjelwa waulizeni.

Rafiki yangu wa Tukuyu alichagua mionzi. Alikaa kwa mpwa wake Mbagala, kila siku anakunywa maji kibofu kijae, analala kwenye mashine dakika chache, anarudi zake. Hakuvaa pedi hata siku moja. Ila pamoja na mionzi alichomwa sindano za kushusha homoni za kiume, akawa anavua koti Tukuyu mwezi wa sita, jasho linamtiririka. Baadaye akaanza kuona damu kwenye choo kikubwa. Ananicheka, namcheka.

Sasa sikiliza. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 ambao saratani haijatoka nje ya tezi, wengi wao ya ngazi ya chini au ya kati: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kuangaliwa tu kwa vipimo. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Waliouawa na saratani hiyo ni kama 2 au 3 kwa kila 100, katika makundi yote matatu! Kwa hiyo kwa ugonjwa wa namna hiyo, swali la kikao chenu si ipi inaponya. Muulizeni mzee adha ipi ataweza kuishi nayo, ya mkojo au ya choo kikubwa. Na mmuulize daktari kama kwa ngazi yake kusubiri huku akiangaliwa kwa vipimo nako kunafaa, maana hilo nami sikuwahi kuliuliza.

Aende kwa daktari wa mionzi kabla ya kusaini chochote. Narudia, aende. Aulize pia ugonjwa ukirudi itakuwaje, kwani baada ya kisu mionzi bado inawezekana, ila kupasua tezi iliyokwisha kupigwa mionzi ni kazi ngumu na yenye madhara zaidi. Akichagua kisu, mazoezi ya kukaza misuli ya kuzuia mkojo ayaanze kabla ya kupasuliwa. Mimi niliambiwa mwezi wa tatu baadaye, na aliyeniambia ni muuguzi tuliyekutana kwenye daladala.

Wanaume wenzangu tunapenda kuamuliwa ili baadaye tupate wa kumlaumu. Mimi namlaumu shemeji mpaka leo, wakati saini ni yangu. Baba yako akiulizwa mambo ya chumbani atakohoa na kutazama dirishani. Wewe toka nje, mwache na mama yako.

Na vile viazi, mwaka ule bei ilianguka. Tuliuza kwa hasara.