Chandarua cha kliniki si cha kukunjwa kabatini

Mama mmoja wa Manyatta, Kisumu, ameniandikia wiki hii. Alipewa chandarua kliniki, akakitundika usiku uleule, na mtoto akaamka anajikuna na kupiga chafya. Sasa kimekunjwa kabatini. "Afadhali mbu," anasema. Neno hilo limeniuma, kwa maana huku kando ya ziwa malaria haina msimu wa kupumzika.

Dada, kitoe. Kilichokosekana ni siku moja ya hewa. Chandarua kipya hutoka mfukoni na dawa nyingi ya kuua mbu juu ya nyuzi, nayo huwasha ngozi na pua kwa muda. Kitandaze kivulini saa 24 kwanza. Narudia, kivulini! Ukikianika juani pamoja na nepi, jua litaimaliza dawa.

Bibi zetu walifukiza kinyesi cha ng'ombe kilichokauka ili watoto wapate usingizi, na watoto wakakohoa hadi asubuhi. Wewe umepewa bure kitu kisichotoa moshi wala kutaka umeme. Shukrani ya kitu kama hicho ni kukitunza.

Kwenye chumba kimoja, piga misumari minne juu, funga kamba ndefu kwenye pembe, na mchana ukiviringishe juu watoto wasikivute. Usiku chomekea ncha chini ya godoro pande zote; wanaolala chini, chini ya mkeka. Mtoto alale katikati, kwa sababu mguu ukiegemea wavu mbu humuuma kupitia matundu. Mshumaa na koroboi vikae mbali kabisa, maana kitambaa hiki hushika moto upesi.

Kufua ndiko kunakoharibu vingi. Mara moja kila miezi mitatu yatosha, kwa maji baridi na sabuni ya kipande, bila kuloweka, bila kusugua kwa nguvu, bila Jik. Dawa iliyo ndani ya nyuzi husogea polepole kujaza pale ilipooshwa, ila haidumu milele: hesabu miaka 3, au kufuliwa mara 20 hivi. Fulia kwenye beseni na umwage maji shimoni. Usikipeleke ziwani wala mtoni, kwani dawa hiyo huua samaki. Na kikiwa bado kizima, kisiende kuanikia omena wala kufunikia vifaranga. Inauma kuona kuku wamelindwa na mtoto yuko wazi.

Chanjo ya malaria nayo tunayo. Ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Mpeleke mtoto amalize dozi zote nne, ya mwisho akiwa na miaka miwili, lakini usiondoe chandarua, kwa kuwa chanjo hupunguza malaria, haiifungii mlango.

Kila Jumamosi kikague kwa mwanga wa dirisha. Tundu la kupitisha kidole gumba lishonwe siku hiyohiyo, kwa uzi wowote ulio nao.