Msalaba wa Katanga si wa kanisani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu ameniachia sarafu ya faranga 5 ya 1961, ya Katanga, lile jimbo la Kongo lililojitenga. Upande mmoja ina ndizi, wa pili msalaba. Bendera yao nayo ilikuwa na misalaba mitatu. Je, lilikuwa taifa la kanisa? Muuza vitu vya kale amenionyesha msalaba wa shaba wa namna hiyo, anasema ni wa wamisionari wa kwanza. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Hapana, na hapana tena.

Kila anayeniuliza hili huanza na Tshombe, rais wa Katanga: si alikuwa Mmethodisti? Alikuwa, lakini alama hii hakuitoa kwenye Biblia. Itazame sarafu yako. Mikono minne imelingana, msalaba umekaa kama herufi X. Hiyo ni fedha! Wafua shaba waliyeyusha mawe ya kijani, wakaimimina shaba kwenye kalibu, na misalaba ikatumika sokoni. Makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, yalipochimbwa miaka ya 1950, misalaba hiyo ilikutwa pamoja na maiti waliozikwa karne nyingi kabla mmisionari Arnot hajafika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. (Msiri mwenyewe alitoka Unyamwezi, na shaba hiyo aliijua vizuri.)

Wanaoiona ni pambo la dini wanapitwa na siasa yake yote. Katanga ilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960, na Januari 1963 ikawa imekwisha. Nchi changa hivyo ilitafuta ukoo, ikauchimbua ardhini kwa misalaba hii ya kale. Tena kwa watu wasioitaka: Sanga iko upande wa Waluba, ambako Balubakat, chama cha Jason Sendwe, kilipinga kujitenga. Na fedha za kuiendesha serikali zilitoka kwa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba hiyohiyo.

Sasa huyo muuzaji wako. Nimeletewa misalaba iliyosubuliwa juzi, ikamwagiwa tindikali ipate kutu ya kijani, kila mmoja na hadithi yake: mara mmisionari, mara chifu, mara mganga. Muulize umechimbwa wapi, lini, na nani. Akibabaika, ondoka. Akijibu sawasawa, ujue huenda umetolewa kaburini, na hapo usiuguse kabisa. Sarafu ya babu nayo usiisugue kwa ndimu na jivu, hata fundi akikuapia. Ikishang'aa imeharibika.