Geti la Pwani Lataka Kuoshwa Kabla ya Rangi

Dada mmoja wa Mambrui amenitumia picha ya geti lake. Lilipigwa rangi nyeusi ya kung'aa kabla ya Ramadhani, na sasa limejaa malengelenge kuanzia chini mpaka kwenye bawaba. Anauliza safari hii anunue rangi gani, hata kama ni ghali.

Nilimpigia simu nikamwambia achukue msumari atoboe lengelenge moja. Likatoka tone la maji ya kahawia, na chuma ndani kina vishimo vyeusi. Basi, jibu nimeshalipata. Hiyo ni chumvi iliyofungiwa chini ya rangi.

Nyote mnaojenga huku Malindi mnataka nyumba iliyo karibu na bahari, nami nawaombea muipate. Lakini upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya kabati. Chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na usiku wa pwani hufika hapo bila taabu. Ikiwa chini ya rangi haiachi kazi yake. Rangi za kawaida hazizuii unyevu wote, kwa hiyo chumvi inauvuta ndani pole pole, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, rangi inainuka. Kopo la bei ya juu haliwezi kubadilisha hilo.

Mimi ni mtu wa Matondoni, Lamu, na nimekulia miguuni mwa watu wa vyombo. Jahazi likipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, hakuna aliyethubutu kugusa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kabla ubao haujakwanguliwa, ukapitishwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, ukakauka. Ndipo deheni ipakwe kwa mkono sehemu inayokaa chini ya maji, na sifa, yaani mafuta ya papa, sehemu ya juu. Babu alikuwa akipitisha kiganja ubavuni mwa chombo kizima, na akikuta mahali pana unyevu, siku hiyo haipakwi kitu. Nilipohamia kwenye kupaka chuma rangi nilikuja na kiganja kile kile.

Kiganja hicho kilinitoa kazini. Hoteli moja ya ufukweni ilinipa grili zake zote. Siku za mwanzo nilikuwa naosha na kukwangua tu, na msimamizi akaona nakula siku bure. Aliniambia mbele ya vijana wangu kwamba yeye alileta fundi wa rangi, hakuleta dobi. Akamleta mwingine, aliyepiga rangi juu ya kutu akamaliza upesi. Siku zangu sikulipwa mpaka leo. Masika yaliyofuata grili zile zilibanduka kwa mapande, nilizipita nikaziona kwa macho yangu. Bado inaniuma. Lakini geti nililopaka mwaka ule ule nyuma ya hoteli hiyo limesimama, na mwenyewe hupenda kuwaonyesha wageni.

Kwa hiyo, ndugu zangu, osheni. Tumieni maji ya bomba, msichukue ya kisima, maana visima vingi vya Malindi vina chumvi na utakuwa unarudisha ulichokitoa. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, osha tena, kausha, na praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, ipigwe siku hiyo hiyo. Usianze alfajiri. Watu wa viwandani wana kanuni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande hutunga. Wewe subiri jua lipande, na acha kabla ya magharibi. Kwenye kona na mishono ya welda tangulia kwa brashi ndogo, kwa sababu rangi hukimbia ncha kali na kubaki nyembamba mno, na huko ndiko kutu huanzia. Makoti membamba mawili yanashinda moja zito.

Paipu za galvanaizi, yaani zilizovikwa zinki, zina mambo yake. Zinki hujitoa kuliwa badala ya chuma, hata palipochubuka. Mfaransa Sorel alisajili hataza ya kuvika chuma zinki mwaka 1837. Ila ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu yake, vitu viwili hivyo hutengeneza sabuni katikati, na rangi inabanduka. Kuna praima yake maalumu, iulize dukani. Na palipopita moto wa welda zinki imeshaungua, parudishie kwa rangi yenye zinki.

Fundi anayeomba siku ya kuosha msimfukuze. Mlipeni siku hiyo kwa roho safi, kwa sababu ndiyo mnayoinunua. Anayekuja na brashi mkononi na kuanza kupaka saa hiyo hiyo, huyo mwogopeni.

Dada wa Mambrui nimemwambia asinunue kitu kwanza. Amwite welda akate vyuma vya chini vilivyoliwa, sehemu iliyobaki ikwanguliwe yote na kuoshwa, na mvua zikiwa zimeanza angoje zipite. Rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo lake, kama haijaganda, itamtosha kwa koti la mwisho.