Je, kipimo cha jeni za saa ya mwili kitamsaidia mgonjwa wa saratani alale?

Swali: Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti kwa kemotherapi. Usiku anakesha, mchana anasinzia. Nimesoma kwamba kuna jeni zinazoendesha saa ya mwili. Je, tumpime jeni hizo ili tujue dawa ya kumfaa?

Jibu: Pole sana kwa kuuguza. Ningewashauri msitumie fedha kwa kipimo hicho.

Jeni hizo zipo kweli. Mbili kati yake, CLOCK na BMAL1, huziamsha nyingine, za PER na CRY, zitengeneze protini. Protini za PER na CRY zikishajaa, huingia kwenye kiini cha seli na kuizima kazi hiyo hiyo iliyozizalisha; zikivunjwavunjwa, mambo huanza upya. Mzunguko huo huchukua takriban saa 24. Kuna familia ambazo kasoro moja kwenye PER2, mojawapo ya jeni za PER, huwafanya watu wapitiwe na usingizi jioni mapema na kuamka usiku wa manane, lakini ni nadra sana. Kwa wengi wetu tofauti za jeni hizi husogeza usingizi kidogo tu, na majibu ya kipimo hayamwambii daktari ampe mama dawa gani.

Mimi ningeanza na orodha ya dawa zake. Deksamethasoni, ambayo hutolewa pamoja na kemotherapi kuzuia kichefuchefu na mzio, huwanyima wengi usingizi. Angalia anaimeza saa ngapi. Kama kuna dozi ya jioni, mwulizeni daktari wake kama inaweza kurudishwa asubuhi au adhuhuri. Msiibadilishe wala kuiacha wenyewe, tafadhali. Mwulizeni mama pia kama anaamshwa na maumivu, au na joto la ghafla linalomlowesha jasho; yote mawili yana matibabu.

Halafu mwanga. Saa kuu ya mwili iko ubongoni, na hujirekebisha kwa mwanga unaopita machoni. Mgonjwa anayeshinda kitandani mapazia yakiwa yamefungwa anainyima saa hiyo taarifa inayoihitaji. Asubuhi akae nje au dirishani kama nusu saa, na usingizi wa mchana usizidi muda huo.

Hali ikiendelea, ombeni tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, maana ndiyo inayopendekezwa kabla ya vidonge. Melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kama kidonge, nayo asiitumie kabla ya kumwuliza daktari wa saratani. Kwa wiki moja andikeni saa anayolala, anayoamka na anayomeza kila dawa, kisha mwende na daftari hilo kliniki.