Chakula Kiive Hadi Katikati: Ninavyotumia Maikrowevu

Wengi wanaotumia maikrowevu wanaangalia kitu kimoja tu: dakika. Wanaweka sahani, wanabonyeza, mashine inalia, wanakula. Mimi napika kwa maikrowevu karibu kila siku, na ninachosisitiza ni kwamba ule mlio unakuambia muda umekwisha, haukuambii chakula kimeiva. Kusambaza joto ndani ya chakula ni kazi yako mpishi. Ukiiacha, tonge moja litakuunguza ulimi na jingine litakuwa na ubaridi wa friji, na hapo penye ubaridi ndipo bakteria wanapobaki hai.

Sababu iko kwenye mawimbi yenyewe. Maikrowevu za nyumbani kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahezi 2450, ambayo urefu wake ni kama sentimita 12. Yakigonga kuta za chuma hurudi na kukutana na mengine: mahali pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanafutana. Ukitaka kuona kwa macho, hakikisha sahani haizunguki, tandaza vipande vya chokoleti juu yake, washa kidogo tu hadi ianze kuyeyuka. Nilipojaribu, chokoleti ililainika na kung'aa sehemu mbili tatu, na vidole vitatu pembeni ilikuwa bado ngumu, hata herufi za kiwandani hazijafutika. Sehemu za moto huachana kwa takriban sentimita 6, yaani nusu ya wimbi. Sahani inayozunguka hupunguza tatizo hilo lakini hailimalizi, hasa pale katikati ambako chakula kinajizungukia palepale.

Tena mawimbi hayaingii mbali. Katika vyakula vingi nguvu yake kubwa huishia sentimita 2 hadi 4 tu kutoka juu. Kipande kinene kuliko hapo huiva katikati kwa joto linalosafiri taratibu kutoka nje, kama ilivyo kwenye jiko lolote. Wanaosema maikrowevu hupika kutoka ndani kwenda nje wanakosea, na kosa hilo linawafanya wasikague katikati.

Kwa hiyo napanga chakula kabla ya kubonyeza chochote. Viazi au vipande vya nyama navikata vilingane, navizungusha ukingoni mwa sahani, katikati naacha wazi. Paja la kuku naliweka upande mnene nje, upande mwembamba ndani. Wali nautandaza, siurundiki, halafu natengeneza shimo katikati yake. Nafunika na kuacha mwanya mdogo, maana mvuke unaobaki ndani hupasha zile sehemu ambazo mawimbi yamezikosa. Muda ukifika nusu nasimamisha, nakoroga ili cha pembeni kije katikati na cha katikati kiende pembeni. Kisichokorogeka nakigeuza. Chumvi ya kunyunyiza juu naiweka mwisho, kwa sababu uso wenye chumvi hunyonya nguvu nyingi na kukauka kabla joto halijaingia ndani.

Nguvu kamili naiachia maji, supu na mboga zenye majimaji. Kitu kinene nakipa nusu ya nguvu kwa muda mrefu zaidi. Mashine nyingi zikiwekwa nguvu ndogo huwaka na kuzima kwa zamu, utasikia mngurumo ukibadilika, na kile kipindi cha kuzima ndicho kinacholipa joto nafasi ya kusambaa. Kwa sababu hiyohiyo chakula kikitoka nakiacha kimefunikwa dakika mbili tatu, na bonge kubwa hata zaidi. Muda huo ni sehemu ya mapishi. Anayeuruka anakula chakula ambacho hakijamaliza kuiva.

Kama kuna kifaa kimoja cha kununua baada ya maikrowevu, ni kipimajoto cha chakula chenye sindano. Kuku na kiporo cha aina yoyote nataka vifike nyuzijoto 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71. Nachoma sehemu kadhaa, ikiwemo ile nene kabisa, bila kugusa mfupa. Juzi paja moja lilisoma 81 chini kidogo ya ngozi na 63 karibu na mfupa, na kwa macho lilikuwa limeiva kabisa. Nililirudisha kwa nusu ya nguvu, nikaliacha litulie chini ya kifuniko, ndipo likavuka 74 kila nilipochoma. Bila sindano lingeliwa hivyohivyo. Kuku mzima aliyejazwa vitu tumboni simpiki kwa maikrowevu kabisa, kwa kuwa katikati pale joto huchelewa mno.

Nyama iliyoganda ina shida yake. Barafu hunyonya mawimbi kidogo sana kuliko maji, hivyo kingo zikishaanza kuyeyuka, maji yake huvuta karibu nguvu yote. Unaishia na kingo za kijivu zilizoanza kuiva, zimezunguka bonge la barafu. Tumia kitufe cha kuyeyushia au asilimia 30 ya nguvu, simamisha mara kwa mara, na kama ni nyama ya kusaga, kwangua ile iliyolainika uitoe, kilichobaki kirudi ndani. Ikishayeyuka ipikwe papo hapo. Kingo zile zimeshaingia kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na humo bakteria huzaliana haraka. Vivyo hivyo usiipike nusu ukaihifadhi umalizie kesho.

Maelekezo ya kwenye pakiti nayo yanahusu mashine ya nguvu fulani. Dakika 5 kwa wati 1000 ni kama dakika 7 kwa wati 700. Mashine ikizeeka hupungua nguvu, basi ipime: lita moja ya maji ya kawaida kwenye bakuli, dakika 2 kwa nguvu kamili, koroga, kisha zidisha kwa 35 idadi ya nyuzi zilizopanda. Zikipanda 20, una takriban wati 700.

Wali uliolala nje hauokolewi na maikrowevu. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, zikiachwa kwenye vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Uweke kwenye friji mapema, ndani ya saa mbili tangu uive, kwenye chombo kipana usichukue muda kupoa.

Vyombo: kioo na kauri zinazofaa kwa maikrowevu, basi. Metali, sahani zenye ukingo wa dhahabu, melamini na makopo ya plastiki ya mtindi au aiskrimu viache kando. Ukiwa na shaka na bakuli la kauri, liweke tupu pembeni ya kikombe cha maji kwa dakika moja. Maji yakiwa moto na bakuli baridi, linafaa. Mashine yenyewe usiiwashe bila kitu ndani. Yai la ganda usiliweke, hulipuka, wakati mwingine baada ya kutoka. Kiazi kizima kichome kwa uma kwanza.

Maji matupu kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakaruka usoni ukiyagusa au kutia majani ya chai. Weka kijiti cha mbao ndani kabla ya kuwasha, na ukimaliza yaache yatulie kabla ya kuyatoa.

Maziwa ya mtoto mchanga siyapashi humo. Chupa inaweza kuwa vuguvugu mkononi, na ndani yake yakawemo maziwa ya kumuunguza mdomo na koo. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto, itikise, udondoshee matone ndani ya kiwiko au kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa.