Usisubiri muswada upite ndipo uvushe vitunguu Namanga

Mkuu, umeuliza kama usubiri muswada wa kurahisisha biashara na majirani upite ndipo uanze kupeleka vitunguu Kenya. Nimevusha vitunguu vya Mang'ola, huku Karatu, kupitia Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwa miaka kadhaa, nimekula faida na mzigo umeniozea pia, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo. Kwa kifupi: usisubiri.

Muswada wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukishapitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, lile lenye makao yake Arusha, bado si sheria hadi marais wa nchi wanachama wauridhie. Wote, si wengi wao. Rais mmoja akiurudisha, wabunge wakaujadili na kuupeleka tena, naye akakataa kwa mara ya pili, umekufa hapo. Mkataba wa Jumuiya ulipotiwa saini 1999 nchi zilikuwa tatu. Leo ziko nane, Somalia ikiwa ya mwisho kuingia, 2024. Hesabu kalamu ngapi zinatakiwa zikubaliane.

Halafu, mengi unayoyangoja yameshaandikwa. Ipo sheria ya vituo vya pamoja vya mipakani ya 2016, na ipo ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha (vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru) ya 2017. Ile ya kwanza nimeionja kwa miguu yangu. Zamani Namanga ulikuwa unagonga muhuri wa kutoka upande wetu, unavuka, unaanza upya foleni ya Wakenya, na kila upande una jua lake. Kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Desemba 2018 na Magufuli na Uhuru. Sasa ukienda Kenya unapita moja kwa moja hadi jengo la upande ule, unakuta maofisa wa nchi zote mbili humo humo. Kwa hilo nawapa heko, sina kinyongo.

Kipo pia cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti hapo hapo mpakani na hulipi ushuru wa forodha. Watu wengi hawakijui, ndiyo maana wanatoa hela kwa vijana wa njia za panya kuvusha kitu ambacho kingepita mlangoni bila ushuru.

Lakini nisikudanganye kama mimi nilivyodanganywa. Cheti kile kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Cheti cha afya ya mimea bado unakihitaji, kibali cha kuingiza mazao upande wa pili nacho unakihitaji, na tozo nyingine zina wenyewe. Mwaka 2019 nilifika mpakani na cheti cha uasilia mkononi, nimetulia kama bwana harusi. Ofisa mmoja (sisemi wa upande gani) akatazama cheti cha afya ya mimea, akakuta uzito ulioandikwa haufanani na idadi ya magunia. Kosa lilikuwa la aliyenijazia, nami sikulisoma. Nikalala pale siku mbili, vitunguu vimefunikwa turubai, joto la Namanga unalijua. Siku ya tatu karatasi zikawa sawa, mzigo umeshaanza kutoa maji. Dalali wa Marikiti, soko la mazao la Nairobi, aliponitajia bei nilidhani anatania.

Hapo hakuna muswada ambao ungeniokoa. Kilichoniumiza kilitoka dirisha la mazao, si la forodha, na madirisha hayo yako chini ya wizara tofauti. Mwenye forodha anasema pita, mwenye mazao anasema subiri, na wote wako sahihi kisheria.

Angalia yaliyotokea kwa mahindi Machi 2021. Barua moja ya mamlaka ya kilimo ya Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Baada ya siku chache wakalegeza, lakini kwa masharti: waingizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi kiwango. Sipingi kupima sumukuvu, inaua watu. Ninachosema ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja ilikuwa inatumika tangu Julai 2010, na barua ikaipita kama haipo. Mpaka Rais Samia alipokwenda Nairobi Mei mwaka ule, akakaa na Uhuru, mawaziri wakaagizwa kuvimaliza vikwazo. Diplomasia ilifanya kazi, tena vizuri. Tatizo ni kwamba kitunguu hakiwezi kungoja ziara ya rais.

Na tusijifanye malaika. Mwaka 2017 ni sisi tuliochoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, Namanga hapo hapo. Julai 2025 ni sisi tuliotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo kununua mazao shambani. Mnunuzi wangu mmoja Mkenya aliyekuwa anakuja mwenyewe Mang'ola kuchagua vitunguu, sasa anapiga simu. Wengine hapa mtasema afadhali, faida ibaki kwetu. Mimi naona mnunuzi mmoja wa kushindania bei shambani amepungua.

Kwa hiyo muswada ukitoka, ruka dibaji. Nenda kwenye kipengele kinachosema ofisa au wizara ikizuia mzigo kinyume cha sheria, nani anamlipa mwenye mzigo na kwa muda gani. Kisipokuwepo, endelea na shughuli zako.

Sasa kuanza: safari ya kwanza chukua magunia machache, thamani ibaki chini ya dola 2,000. Dalali wa Nairobi akuhakikishie kibali cha upande wake kabla hujapakia, si gari likiwa Longido, karibu na mpaka. Soma kila karatasi mwenyewe, hesabu magunia mbele ya aliyeandika. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, usithubutu, uzito wa karatasi utakukana. Fika mpakani asubuhi, na Ijumaa jioni ikwepe kabisa. Ukitaka namna ya kukagua vitunguu vilivyokauka vizuri kabla ya kufunga, uliza hapa hapa, nitaandika kesho nikitoka mnadani.