Mwanangu, hata zimwi letu lilikula watu

Mbagala, Jumapili jioni

Mwanangu,

Juzi ulinipigia umefura, nami nikashindwa kukujibu maana nilikuwa nimebanwa kwenye daladala. Ulisema umemkuta binti yako, mke mwenzangu mdogo, anaangalia kwenye simu yako katuni ya Cinderella, wale dada zake wa kambo wanajikata miguu kwa kisu, damu chapachapa kwenye kiatu. Ukaniuliza nani kaziharibu hadithi za watoto, na kama umpige marufuku.

Hakuna aliyeziharibu, baba. Damu hiyo ilikuwemo toka zamani. Katika hadithi waliyoichapisha ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mmoja anakata kidole na mwingine kisigino ili kiatu kiingie waolewe na mwana wa mfalme, na anayewapa kisu ni mama yao. Toleo la kwanza lilitoka 1812. Lilipofuata la 1819 wakaongeza njiwa wa kuwadonoa macho! Walicholainisha ni kingine: katika hadithi yao nyingine, ya msichana Snow White, mwaka 1812 anayetaka auawe ni malkia, mama yake mzazi, 1819 akageuzwa mama wa kambo. Maskini mama wa kambo, hata huku kwetu hasemwi vizuri.

Na wewe umekulia wapi? Umesahau zimwi la ngoma? Yule binti aliyerudi pwani peke yake kufuata kombe lake la baharini, zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijijini linapiga, mtoto anaimba, lenyewe linalishwa. Mpaka mama yake akaitambua sauti. Zimwi likaleweshwa, mtoto akatolewa, ngoma ikajazwa nyuki na nyoka. Lilipofika kwao likaifungua, likafa. Ulikuwa unapiga makofi hapo.

Ila kuna usiku mmoja niliharibu mimi. Umeme ulikatika, tuko uani kwenye mkeka, nikanogewa. Badala ya kusema "likamtia ndani ya ngoma" na kupita, kama alivyokuwa akifanya bibi yako, nikaanza kueleza giza la mle ndani, ngozi inavyonuka, mtoto anavyokwaruza kwa kucha. Kibatari kilikuwa nyuma yako, sikuuona uso wako. Ulikojoa kitandani siku tatu, na ngoma za harusi kwa jirani ukawa unazikimbia.

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akifanya bibi. Ubaya aliupitia mbio, wimbo akaurudia mara nne. Hata hao Wajerumani, yule malkia, mama wa kambo wa Snow White, anavalishwa viatu vya chuma vya moto acheze mpaka afe, na hadithi inaishia papo hapo. Hiyo katuni yako nimeitafuta nikaitazama: kisu kinasogezwa polepole, kidole kinakuzwa kikajaza kioo chote, na hakuna mtu mle anayemwona mtoto kwamba amekodoa macho, aseme basi, tuishie hapa.

Kwa hiyo katuni hiyo ifute, hadithi mwachie. Mlete Jumamosi nimsimulie mwenyewe, na safari hii kibatari nitakiweka mbele yake. Naogopa tu asije akaniuliza ulivyoniuliza wewe, nyuki walitiwaje ndani ya ngoma bila kumwuma mama. Mpaka leo sina jibu.

Mama yako